Dai la orfu limekataliwa: kutafuta kosa kwenye B08.02 na misimbo jirani

Orfu ni maambukizi ya ngozi yanayoletwa na virusi ambavyo mtu huvipata kwa kugusa kondoo au mbuzi mgonjwa. Huonekana mara chache kiasi kwamba karani wa misimbo, anayeandika misimbo ya magonjwa kwenye madai ya malipo ya matibabu, anaweza kumaliza mwaka mzima bila kukutana na faili hata moja. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Msimbo unaotumika kila siku mkono wenyewe unaukumbuka, lakini huu wa orfu watu huukisia, na kila kinachoonekana cha mantiki kuhusu mahali pake kwenye orodha kinapotosha. Yafuatayo yamepangwa kwa dalili zinazoonekana kwenye dai au kwenye faili. Kama hujaambiwa vinginevyo, misimbo ni ya ICD-10-CM, toleo la orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa linalotumika Marekani tangu tarehe 1 Oktoba 2015.

Mfumo unasema msimbo si halali

Hesabu nafasi kwanza. Orfu ni B08.02, yaani nafasi tano bila kuhesabu nukta. Ukipeleka B08.0 umepeleka kichwa cha kundi, na kichwa cha kundi hakilipwi. B08.01 nayo ni kichwa tu: ndani yake mna B08.010 kwa ndui ya ng'ombe na B08.011 kwa vaksinia (virusi vya chanjo ya ndui) isiyotokana na chanjo. Jirani mmoja ana nafasi sita na mwingine tano, kwa hiyo usijaze wala kupunguza kwa kufuata mfano wa msimbo ulio karibu.

Kosa la pili ni la upande wa pili: B08.02A. Anayelifanya amezoea majeraha, ambako herufi A huonyesha matibabu ya awali. Magonjwa ya sura ya maambukizi hayachukui herufi hiyo. B08.02 pia haitofautishi kulia na kushoto, wala kidole na uso, na hakuna pa kuweka taarifa hizo ndani yake.

Sababu ya tatu ni kuchanganya matoleo. Kwenye ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, orfu inaishia B08.0, nafasi nne, pamoja na ndui ya ng'ombe na vinundu vya wakamuaji. Mahali panapotumika toleo hilo, B08.02 ndiyo itakayokataliwa kwa urefu. Kwenye ICD-11 mambo yamebadilika kabisa, orfu imepewa msimbo wake, 1E75. Ukikuta ripoti ya zamani ya Marekani yenye 051.2, hiyo ni orfu ya ICD-9-CM; haifai kwa huduma yoyote iliyotolewa kuanzia Oktoba 2015.

Angalia pia fomu yenyewe. Kwenye CMS-1500, fomu ya madai ya Marekani, nukta haiandikwi: kisanduku cha 21 kinapokea B0802, na kiashiria cha toleo kinakuwa 0. Kama msimbo ni sahihi na bado dai linarudi, mara nyingi nukta imeingizwa, au sifuri imeandikwa kama herufi O. Kosa hilo la O ni gumu kuliona kwa macho. Nakili msimbo kutoka orodha rasmi badala ya kuuandika upya.

Msimbo umepita, lakini ugonjwa uliosajiliwa si orfu

Hii ndiyo dalili mbaya zaidi, kwa sababu hakuna anayepiga kelele. Dai linalipwa, na faili la mgonjwa linabaki na ugonjwa ambao hakuwa nao.

Chanzo kikubwa ni elimu. Aliyesoma virusi anajua kwamba virusi vya orfu ni vya jamii ya parapoksi. Anafungua orodha, anakuta B08.6, maambukizi ya parapoksi, anaingia humo kwa ujasiri na kutoka na B08.69, parapoksi nyingine. Kibayolojia yuko sawa, lakini kwenye uwekaji wa misimbo amekosea. Orfu imewekwa chini ya B08.0, kundi lenye jina la maambukizi mengine ya orthopoksi, na vinundu vya wakamuaji (B08.03) viko humohumo ingawa navyo ni parapoksi. Mpangilio huo umerithiwa kutoka toleo la Shirika la Afya Duniani na haujafuata uainishaji wa virusi. Hivyo usianze na orodha ya namba. Anza na faharasa ya alfabeti, tafuta neno Orf, chukua msimbo uliopewa, kisha uuhakiki kwenye orodha ya namba. Ukifuata utaratibu huo, mtego wa B08.6 hukupati.

B08.6 ina kazi yake. B08.61 ni ya parapoksi ya mdomo ya ng'ombe, na B08.62 ni ya parapoksi ya sili, inayowapata wanaoshika wanyama hao wa baharini. B08.60 ni kwa daktari aliyeandika "maambukizi ya parapoksi" na kuishia hapo. Ukikutana na maandishi ya namna hiyo, soma historia: kama mgonjwa alimshika kondoo, una sababu nzuri ya kumuuliza daktari. Usijijibu mwenyewe. Kondoo kwenye historia si utambuzi wa ugonjwa.

Kosa lingine ni kuangukia B04, ambayo ni mpox. Anayetafuta neno "poksi" kwenye programu na kubofya tokeo la kwanza anaweza kuishia hapo. Madhara yake hayaishii kwenye malipo, kwa sababu B04 inaweza kuanzisha ufuatiliaji wa afya ya jamii kwa mtu ambaye ugonjwa wake kwa kawaida hauambukizi mtu mwingine.

Daktari ameandika ektima

Orfu ina majina mengi. Ukurutu wa usaha wa kuambukiza ni orfu, na ektima ya kuambukiza pia ni orfu. Yote mawili yanaingia B08.02. Lakini ektima peke yake, bila "ya kuambukiza", ni ugonjwa wa bakteria, na faharasa inaupeleka L08.0.

Neno moja likikatwa wakati wa kunakili muhtasari, mgonjwa wa virusi anageuka mgonjwa wa bakteria, na dai linaweza kuonekana kana kwamba alinyimwa antibiotiki aliyostahili. Ukiona L08.0 kwa mtu anayefuga kondoo, na hakuna dawa ya bakteria iliyoandikwa, rudi kwenye maandishi ya awali ya daktari kabla ya muhtasari.

Daktari ameandika "huenda ni orfu"

Jibu linategemea mgonjwa alionwa wapi. Kwa mgonjwa wa nje, mwongozo rasmi wa Marekani unakataza kuweka msimbo wa ugonjwa ulioandikwa kwa maneno kama "huenda", "inashukiwa" au "kuondoa uwezekano wa". Weka kile kilichothibitishwa siku hiyo: uvimbe wa mkono wa kulia ni R22.31, wa kushoto R22.32. Majibu yakirudi na daktari akathibitisha, ziara inayofuata ndiyo inayobeba B08.02.

Kwa aliyelazwa, kanuni inageuka. Ugonjwa ulioandikwa "huenda" wakati wa kuruhusiwa huwekwa kana kwamba umethibitishwa. Kuna hali moja inayohitaji tahadhari kubwa: daktari akiandika "orfu au kimeta cha ngozi" wakati wa kumruhusu mgonjwa, kanuni ya magonjwa yanayolinganishwa inaruhusu kuweka yote mawili, B08.02 na A22.0. Kabla hujaandika A22.0 kwenye rekodi ya mtu, mpelekee daktari swali. Kimeta si jina la kumwachia mtu kwa sababu ya kanuni tu. Kwa mgonjwa wa nje, maandishi hayohayo hayazai msimbo wowote kati ya hiyo miwili.

Magonjwa mengine yanayotajwa pamoja na orfu kwenye faili, na ambayo hayapaswi kuingia mpaka yathibitishwe, ni herpesi ya kidole (B00.89), tularemia ya vidonda na tezi (A21.0), erisipeloidi ya ngozi (A26.0) na sporotrikosi ya ngozi na limfu (B42.1).

Majibu ya maabara yapo, msimbo haupo

Karatasi ya PCR, kipimo cha vinasaba vya virusi, inayosema virusi vya orfu vimepatikana haitoshi peke yake. Karani hatafsiri majibu ya maabara. Kama daktari anayemtibu mgonjwa hajaandika orfu popote, mpelekee swali la maandishi linaloonyesha tarehe ya sampuli na jibu, na lisimwelekeze kwenye jibu fulani. "Tafadhali andika utambuzi unaohusiana na kidonda cha kidole kulingana na matokeo haya" ni swali zuri. "Je, niandike orfu?" ni swali baya, kwa kuwa limeshajijibu.

Ripoti ya patholojia ina hali yake. Kwa mgonjwa wa nje, kama kipande cha ngozi kimesomwa na daktari wa patholojia na ripoti ya mwisho ipo wakati wa kuweka msimbo, utambuzi alioandika kwa uhakika unaweza kutumika. Akiandika "inaendana na orfu", hilo bado ni neno la shaka.

Kusubiri huku ndiko kunakozaa kosa ambalo wakaguzi hulipata mara nyingi: uvimbe wa kidole kuwekwa D48.5. Msimbo huo si wa "hatujui bado". Ni wa uvimbe ambao patholojia imeuchunguza na kushindwa kusema kama ni wa saratani au la. D49.2 nayo inahitaji daktari awe ameandika kwamba ni uvimbe wa aina ya neoplasia, yaani seli zinazoota isivyo kawaida. Orfu katika hatua ya kinundu inaweza kufanana na uvimbe unaotoka damu, hata ikakatwa kwa hofu ya saratani, kwa hiyo shaka ya daktari inaeleweka. Lakini R22.31 ndiyo inayosubiri majibu bila kumwachia mtu alama ya saratani kwenye rekodi.

Mgonjwa alijidunga chanjo ya kondoo

Chanjo ya orfu ya kondoo ina virusi hai, na huwekwa kwa kukwaruza ngozi ya mnyama. Mchungaji akijikwaruza kwa bahati mbaya anaweza kuugua. Karani akiona neno "chanjo" anakimbilia T88.1, matatizo yanayofuata chanjo. Msimbo huo ni wa mtu aliyechanjwa, naye hakuchanjwa. Amepata orfu. Weka B08.02, kisha ueleze ajali kwa msimbo wa sababu ya nje kama mlipaji anauhitaji.

Faili moja kwa karibu

Chukua maandishi haya ya ziara ya nje: "Kidole cha shahada cha kulia, kinundu cha sm 1.5, katikati chekundu, kimezungukwa na duara jeupe, kisha ukingo mwekundu. Siku ya 9. Kabla ya hapo alikuwa akimnywesha maziwa kwa chupa mwana-kondoo mwenye vigaga mdomoni. Hana homa. Tathmini: orfu. Mpango: kufunika, kusubiri, arudi baada ya wiki 3."

Karani anayeielewa orfu anaona kwamba picha imekamilika. Vidonda huanza siku 3 hadi 7 baada ya kugusana na mnyama. Duara la rangi tatu ni hatua ya shabaha, ya pili kati ya sita. Kwa kawaida kidonda hupona chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6, ndiyo maana mpango ni kusubiri. Hakuna PCR, wala haihitajiki kwa ajili ya msimbo. Daktari amesema orfu bila neno la shaka, na kanuni inamwamini. Mlipaji akidai uthibitisho wa maabara, mjibu kwa maandishi ya daktari.

Msimbo wa kwanza ni B08.02. R22.31 haiwekwi, kwa kuwa kinundu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Duara jekundu halizai L03.011, selulitisi (maambukizi ya bakteria ndani ya ngozi) ya kidole cha kulia, mpaka daktari aandike selulitisi. Hapa watu wengi huteleza: wekundu unaozunguka kidonda cha orfu ni wa kawaida, na kuuita selulitisi ni kuongeza ugonjwa usioandikwa. Kama daktari ameandika kwamba bakteria wameingia juu ya orfu, hapo L03.011 ni halali, pamoja na B95.61 au B95.62 ikiwa kipimo kimepata stafilokokasi aureasi na daktari amekihusisha. Mstari mwekundu unaopanda mkono, ukiandikwa kuwa limfangitisi ya kidole cha kulia, ni L03.021.

Arudipo baada ya wiki 3 kidonda kikiwa bado kinapona, ni B08.02 tena. Akija kidole kikiwa safi, ziara ya kuhakikisha amepona ni Z09, ikifuatiwa na Z86.19, historia ya maambukizi. Akiugua tena mwaka unaofuata, usidhani ni kosa la faili: mtu anaweza kupata orfu zaidi ya mara moja.

Mlipaji anasema msimbo hauelezi uzito wa huduma

Orfu ya kawaida haihitaji mengi. Dai likiwa na ziara nyingi, vipimo na dawa za gharama, mara nyingi kuna hali ya pili ambayo imeandikwa na daktari lakini haikuwekwa msimbo.

Baadhi ya wagonjwa hupata erithema multifome, madoa ya ngozi yanayoletwa na mwitikio wa kinga, baada ya orfu. L51.9 huongezwa daktari akilitaja jina hilo bila kufafanua aina. Madoa kwenye viganja peke yake hayatoshi. Pemfigoidi ya malengelenge, L12.0, nayo imewahi kufuata orfu, na tiba yake ni ndefu.

Aliyepandikizwa figo na anayetumia dawa za kushusha kinga anaweza kuota orfu kubwa inayokataa kupona. Hapo huongezwa Z94.0 na, kama daktari ameandika kwamba kinga imeshuka kwa sababu ya dawa, D84.821. Kwa takrolimasi, mojawapo ya dawa hizo, ya muda mrefu kuna Z79.621. Usiweke T86.13 kwa kuwa tu umeona maneno "maambukizi" na "upandikizaji" kwenye ukurasa mmoja: kidole kilichoambukizwa si figo iliyoambukizwa.

Mjamzito huwekewa kwanza O98.51-, nafasi ya sita ikionyesha miezi mitatu ya kwanza (1), ya pili (2) au ya tatu (3), kisha B08.02. Ni daktari pekee anayeweza kusema kwamba mimba haihusiani na ziara, na hapo ndipo Z33.1 inapotumika badala yake.

Dai limekwama kwenye msimbo wa sababu ya nje

Angalia mpangilio kwanza. Msimbo wa sababu ya nje hauwezi kuwa wa kwanza. W55.39XA ikitangulia B08.02, dai litarudi.

W55.3 ni ya wanyama wenye kwato, na mbuzi na kondoo wametajwa humo. Kuumwa ni W55.31, kupigwa ni W55.32, kugusana kwingine ni W55.39. Zote zinahitaji alama ya saba, na kwa kuwa zina nafasi tano tu, X moja huziba nafasi ya sita: W55.39XA. W55.39A haipo. Ng'ombe wana W55.2, kwa hiyo ukikuta W55.2 sambamba na B08.02, mmoja kati ya mnyama na ugonjwa amekosewa. Pengine ni kinundu cha mkamuaji, B08.03.

Shughuli ikiandikwa, Y93.K2 ni kukamua, Y93.K3 ni kunyoa au kusafisha manyoya, na Y93.K9 ni huduma nyingine ya mnyama. Zizi ni Y92.71. Kazi ya kulipwa ni Y99.0. Hizi za Y92, Y93 na Y99 huwekwa mara moja tu, kwenye ziara ya kwanza. Kitaifa si lazima, ila jimbo au mlipaji anaweza kuzidai, na kwa mchungaji anayedai fidia ya kazini Y99.0 ina uzito wake.

Usidhani kila mwenye orfu ni mfugaji. Mwaka 2012 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilieleza visa vinne vya Marekani vya watu walioambukizwa nyumbani wakati wa kuchinja au kuandaa nyama ya kondoo na mbuzi. Faili la mtu wa mjini lenye B08.02 si kosa kwa sababu hiyo peke yake, na hakuna haja ya kulazimisha zizi la Y92.71 ndani yake.

Kulirudisha dai

Tofautisha dai lililokataliwa na lililoamuliwa. Lililotemwa mlangoni kwa msimbo usio halali halijaingia kwa mlipaji. Lirekebishe na ulipeleke kama jipya. Lililopokelewa, likalipwa au kunyimwa, kwa walipaji wengi binafsi huenda kama sahihisho: namba 7 kwenye kisanduku cha 22 cha CMS-1500, pamoja na namba ya rejea ya dai la awali. Ukiacha namba hiyo wazi, litaonekana kama dai la pili la huduma ileile na litakataliwa kwa kurudiwa.

Kabla ya kulituma, fungua kisanduku cha 24E, kinachounganisha kila huduma na msimbo wa ugonjwa kwa herufi. Ukibadilisha mpangilio wa misimbo kwenye kisanduku cha 21, herufi za kuunganisha hazijibadilishi zenyewe. Kama B08.02 imehama kutoka B kwenda A, mstari wa kukata kipande cha ngozi, wenye msimbo wa huduma 11104, unaweza kuwa bado unaelekeza B, ambako sasa amekaa kondoo wa W55.39XA.